Asiyekufa Kwenye Rede

Siku hizo kila kituo cha kulelea watoto kilikuwa na uwanja wa ardhi inayomjua mtoto. Kiti cha magurudumu cha Zamda kikiingia, vilima vilijilaza vyenyewe. Mpira wa rede ukirushwa kumlenga, ardhi ilimsogeza pembeni kabla haujamgusa. Mama yake, Hadia, alitamba na uwanja huo mtaa mzima, mpaka jioni moja wakimenya viazi.

"Mama, mimi nataka kufa."

Kisu kilimponyoka Hadia. "Unasemaje wewe?"

"Kufa kwenye rede! Wenzangu mpira ukiwapiga wanakufa, wanatoka wakicheka. Mimi tu sifi. Sasa hawanirushii tena."

Hadia alishusha pumzi. Akamsukuma hadi uani, kwenye mchanga usiomjua mtu, akaviringisha soksi zikawa mpira, akaurusha kwelikweli. Zamda alizungusha magurudumu, akakwepa, akakwepa tena. Wa tatu ukamtandika kifuani.

"Nimekufa!" alipiga kelele kwa furaha, majirani wakachungulia. "Tena, mama!"

Hadia aliinama kuokota mpira. Pale getini mafundi walikuwa wameshashusha mikeka ya ardhi ile ile inayomjua mtoto, waje kuitandaza uani kesho asubuhi. Alikuwa ameiomba mwenyewe, akaipigania mwaka mzima.