Shuka Haiponyi

"Vunja kila neno nitakalokupa," mwalimu Hiram alisema. "Na uongee Kiswahili."

Nthambi alisogea karibu na kitanda. Alikuwa amefeli mtihani wa wodini mara moja, na kufeli tena mwaka huo wa 1998 kulimaanisha kurudi kwao Rombo kung'oa vitunguu. Hiram hakuwa mtu wa kubembeleza. Kila mwanafunzi wa uuguzi pale Kajiado alilijua hilo. Neno la Kilatini usiloweza kumwelezea mama mboga, alipenda kusema, hujalijua, umelikariri tu kama kasuku.

Leo alikuwa amepita vitanda vyote bila kusimama mpaka hiki cha dirishani. Mama aliyelazwa hapo aliweka mapajani sweta aliyokuwa akifuma, ya rangi ya damu ya mzee, akawatabasamia. Alijua ana uvimbe mdogo tu, utolewe arudi nyumbani Kitengela.

"Cervix," Hiram alisema.

"Shingo. Hapa ni shingo ya tumbo la uzazi."

"Tumor."

"Uvimbe."

"Malignus."

Nthambi alimtupia mgonjwa jicho, akashusha sauti. "Mwalimu, si hiyo niseme na English?"

"Nimesema Kiswahili. Na usikike. Ama umemiss Rombo?"

"Wenye nia mbaya. Ni uvimbe unakula mwili, unasambaa."

Sindano za kufumia zilianguka sakafuni. Hakuna aliyeziokota.

"Matibabu yameandikwa palliative. Shina lake?"

"Pallium. Ni kama shuka."

"Shuka inafanya kazi gani?"

"Inafunika."

"Inaponya?"

Nthambi hakuwahi kumchukia mtu namna hiyo. Machozi yalimlenga, lakini na vitunguu alivikumbuka.

"Hapana, mwalimu. Haiponyi. Ni ya kupunguza uchungu mpaka... mpaka afe."

"Umepita," Hiram alisema, macho yakiwa dirishani. Akafunga vifungo vya koti lake jeupe juu ya sweta yake ya rangi ya damu ya mzee, akageuka aondoke.

Mgonjwa alimshika mkono.

"Baba Shiro," alisema polepole, "hata juzi ukinipangia nguo kwa begi hukuweza kuniambia wewe mwenyewe?"