Mwanasesere Mvunguni

Bi. Kezia, mshauri wa watoto katika wodi ya saratani, alimpa Tatu mwanasesere wa kitambaa asiye na nywele. "Leo wewe ndiye mama yake," alimwambia. "Muuguze utakavyo."

Mwanaisha, mama yake Tatu, alikuwa ameketi pembeni akitabasamu. Kwake huo ulikuwa mchezo tu. Tatu akamdunga mwanasesere sindano ya kijiti, akampuliza mkono, akamnong'oneza pole. Mara kengele ya saa ya kutazama wagonjwa ikalia. Tatu akashtuka, akavua mtandio wake, akamfunga nao mwanasesere hadi machoni, kisha akamsukumia mvunguni mwa kitanda.

"Mbona unamficha?" Bi. Kezia aliuliza taratibu.

"Watu wanakuja. Wakimwona kipara, mama yake ataona haya."

Uso ulimshuka Mwanaisha. Mtaani alikuwa amesema Tatu yuko kwa shangazi yake, anasoma huko. Ndiyo maana hapakuwa na jirani aliyewahi kuja. Na mtandio ule, ni yeye aliyekuwa akimfunga mtoto kila asubuhi, akiuita pambo.

"Na mwanasesere mwenyewe anasemaje huko chini?" Bi. Kezia aliuliza tena.

Tatu akainama, akatega sikio. "Anauliza amekosa nini."

Mwanaisha alipiga magoti sakafuni, akapenyeza mkono mvunguni, akapapasa mpaka akashika ncha ya kitambaa. Akavuta polepole, huku mwanawe akimtazama.

Ukaja mtandio mtupu; mwanasesere akabaki mvunguni.