Nitakuoaje Bila Kujua Jina?

Ndiyo, nakusema wewe, unayegeuzia ukuta uso ukiona sindano. Nimekuona wodini miaka yote.

Bibi yangu hakugeuka. Mwanafunzi wa uuguzi alikuwa ameshashika mpira wa dripu yake, bomba la sindano lenye penisilini mkononi, akauliza, "Bibi, jina lako kamili?"

"Tangu asubuhi jina, jina! Kwani unataka kunioa?"

Wodi ikaangua kicheko.

"Nitakuoaje bila kujua jina?" kijana akajibu. Kidole gumba kilikuwa juu ya bomba, lakini hakikusukuma.

Bibi akalitaja, akirembua macho. Silo lililoandikwa kwenye bomba; kijana akalisoma hilo kwa sauti.

"Aa, huyo ni jirani yangu! Anaogopa upepo wa dirishani, tukabadilishana vitanda."

Kidole kikaganda. Bibi yangu na penisilini ni paka na panya: mara ya mwisho koo lilivimba hadi pumzi ikakatika. Kijana akaliweka bomba kwenye sinia taratibu, kama yai.

"Mume nimepata!" bibi akapaza sauti, na vigelegele vikajaa wodi.

Sasa wewe, acha huo ukuta, geuka huku. Sindano inakuja. Taja jina lako, kwa sauti!