Koti la Zawena

Chuo cha udaktari kilipomkataa Zawena, koti jeupe lilikuwa limeshashonwa. Mama yake hakungoja majibu. Mfukoni alikuwa ametarizi kwa uzi wa buluu: Dkt. Zawena.

“Miaka miwili tu, mama,” Zawena alisema, akizifumua kwa wembe herufi tatu za mwanzo. “Nifanye kazi kwa mjomba, nirudie mtihani, niombe tena.”

“Fumua na jina basi,” mama alijibu bila kumtazama. “Buchani watu wanauliza nyama, hawaulizi jina.”

Kesho yake alilivaa koti lile, akalikumbatia paja la ng'ombe mpaka kwenye ndoano. Alipoliachia, akajitazama kifuani. Damu ilikuwa imeingia kwenye matundu ya sindano, na zile herufi tatu zilisomeka tena, nyekundu.