Muhanga na Picha za Angani

Muhanga, mtaalamu wa mazingira mvivu wa kutembea kama mimi, alitumwa na Nyati akakague uwanda wa kujenga kiwanda cha matofali. Shimoni kwake, aliiingizia akili mnemba namba za eneo na picha za angani. Ikaandika: "Hakuna mnyama anayeishi hapa." Akatia sahihi akiwa kitandani.

"Si ungekwenda kuangalia kwanza, bwana?" aliuliza Kobe kwa simu kutoka mbali.

"Nenda wewe. Utarudi mwakani!"

Wiki iliyofuata, tingatinga lilibomoa dari ya Muhanga. Akachomoza, pua imejaa vumbi.

"Simamisheni! Nani kasema hapa haishi mtu?"

Nyati akamwonyesha ripoti. "Wewe, Mtaalamu."

"Picha hazikuliona shimo langu," alinong'ona Muhanga.

"Nawe ulikuwa ndani yake," alisema Kobe, ambaye ndiyo kwanza anafika kukagua.