Waraka wa Vyoo

Mjinga wa siku ile alikuwa mkaguzi wa shule, na mwenyewe hakatai. Hata saa nne haijafika alikuwa amekwisha kumpa mpishi hotuba nzima juu ya nidhamu ya walimu, akidhani anaongea na mwalimu mkuu. Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akamwonyesha ofisi ilipo.

"Mwanga wa jengo hili mbaya," mkaguzi alinung'unika, akafuta miwani kwa ncha ya tai.

Alikuwa amefuatana na dereva wake. Dereva ndiye aliyemsomea kibao cha shule pale getini, kama alivyomsomea vibao vyote tangu mwezi uliopita. Mkubwa hasomi vibao, ana watu.

Kilichomleta kilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, hakizidi ukubwa wa taa ya kusomea. Ni mashine: unaweka karatasi chini ya kamera yake, inakusomea kwa sauti. Ofisi kuu iliiazimisha shule kwa ajili ya msichana mmoja wa kidato cha tatu, asiyeona, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa jinsi asivyopitwa na neno. Mtihani wa mwaka ulikuwa uanze Jumatatu ijayo. Leo Alhamisi, mkaguzi amekuja kuibeba mashine.

"Muhula uliopita amekuwa wa pili katika somo la historia," alisema. "Wa pili! Kati ya watoto mia na ishirini wenye macho yao. Mashine inafanya mtihani, nyinyi mnampigia makofi mtoto."

"Mashine inasoma maswali tu, mzee," mwalimu mkuu alisema. Alikuwa mama mpole, lakini kalamu yake ilikuwa ikigonga meza. "Majibu ni yake. Mkiichukua, Jumatatu atakaa mbele ya karatasi asiyojua hata inamuuliza nini."

"Basi asikae. Asiyeona ana kazi zake. Apelekwe akajifunze kusuka vikapu, ale jasho lake. Andika hivyo kwenye fomu."

"Niandike mimi?"

"Wewe. Mwandiko wangu unawatesa makarani."

Wakili alikuwa ameketi pembeni ya meza, mkono mmoja juu ya mashine, kama mama aliyemshika mtoto kwenye foleni ya chanjo.

"Vikapu nimeshajaribu, mzee," alisema. "Cha kwanza kilimwaga viazi njia nzima. Nijaribu kwa kusoma. Nikishindwa, beba mashine yako uende, na mlango nitakufungulia mimi."

"Utanisomea kitabu ulichokariri."

"Chagua karatasi wewe mwenyewe. Hata iliyomo mkobani mwako."

Mkaguzi akacheka. Hapo sasa mtoto kajifunga mwenyewe! Mkoba wake ulikuwa umejaa karatasi, nyingine za ofisi, nyingine za kwake binafsi, na hakuna mtu wa shule ile aliyewahi kuzitia mkononi. Alipitisha vidole humo ndani, akapapasa, akachomoa moja iliyokunjwa mara mbili.

"Waraka wa vyoo," alitangaza. "Umetoka ofisini jana jioni. Haya, tuone ulikariri lini."

Msichana aliinyoosha karatasi kwa kiganja, akaiweka chini ya kamera, akavaa hedifoni. Mashine ikalia kidogo. Uso wake, uliokuwa umekazwa kwa vita, ukalegea. Akavua hedifoni taratibu.

"Mzee, una hakika huu ni waraka wa vyoo?"

"Ahaa! Imekwama!"

"Haijakwama. Imesoma mpaka mwisho. Naomba nikurudishie hii, unipe nyingine."

Mwalimu mkuu alinyoosha shingo, akauona mhuri. Kalamu yake ikaacha kugonga. "Mzee, labda kweli tubadilishe..."

"Eti tubadilishe!" Mkaguzi alisimama, kiti kikagonga ukuta. Miaka ishirini na sita ya ukaguzi, hakuna janja ya shule asiyoijua. "Mmeshaona maji ya shingo. Hakuna kubadilisha! Na hizo hedifoni zitoke. Isome kwa sauti, dereva wangu asikie, na yule mpishi wenu asikie. Isiposoma, naondoka nayo sasa hivi."

"Kwa sauti, mzee? Ni wewe umesema?"

"Ni mimi nimesema."

"Mwalimu, umemsikia."

Wakili akachomoa waya. Mashine ile haina adabu wala huruma. Kila kitu inakitamka kama tangazo la stesheni.

"Kwa yeyote anayehusika," ilisema. "Mwenye barua hii, mkaguzi mwandamizi wa shule, amepimwa macho katika kliniki yetu. Miwani haimsaidii tena. Hawezi kusoma maandishi ya kawaida. Ili aendelee na kazi yake, tunashauri mwajiri ampatie mashine ya kumsomea karatasi kwa sauti."

Mlangoni, dereva aliinamia viatu vyake.

"Izime," mkaguzi alisema.

"Naizima, mzee," Wakili alijibu, kidole tayari kwenye kitufe. "Ila niambie kwanza: hilo darasa la vikapu tunaanza saa ngapi, mimi na wewe?"