Jamvi la Bi Shemsa

Kabla ya kutia saini, Bi Shemsa alitandika jamvi lake la arusi na matanga katika fleti aliyotaka kuinunua. Sebule haikulitosha; nusu ikatokeza mlangoni hadi kwenye korido.

"Mama, korido si yako," dalali akamwambia. "Ni ya wote."

"Na ile ada ya kila mwezi, ya nini?"

"Mlinzi, lifti, taa, usafi wa korido."

"Nailipia mpaka lini?"

"Maisha. Ukifa watalipa wanao."

"Na siku hiyo watu wa matanga wakae wapi, kwenye lifti?"

Dalali akacheka peke yake. Bi Shemsa akatoka, akaketi kwenye ile nusu ya nje, akakunja miguu.

Mlango wa jirani ukafunguka. Mwanamke asiyemjua akalitazama jamvi, kisha akavua ndala.